Pumzi Kuwa Ngao ya Moyo: Msaada wa Hewa katika Tiba ya Saratani ya Titi

Kijiji cha Kwai, katika Wilaya ya Lushoto, kipo takriban meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mtu atokaye Mombo, chini ya milima ya Usambara, akapanda kupitia Soni na Lushoto hadi Kwai, hutambua upesi kwamba kifua chake kinafanya kazi zaidi. Kanieneo ya hewa, ambayo pwani hukaribia paskali 101,300, huko juu huwa imeshuka hadi takriban paskali 84,000. Mwanamke wa Kwai apandaye matuta akiwa na mzigo wa kabichi au viazi kichwani huutegemea moyo wake na mapafu yake kila siku. Akipatwa na saratani ya titi la kushoto, akatibiwa akapona, ataurudia mlima uleule, naye atahitaji moyo uleule kwa miaka mingi ijayo.

Makala haya yanashughulikia swali moja: yawezekanaje kuzipiga chembe za saratani kwa mionzi katika titi la kushoto, na papo hapo kuuacha salama moyo ulio sentimeta chache tu nyuma yake? Sehemu ya jibu imo katika kitu ambacho kila kiumbe cha nchi kavu hukitumia bila kukifikiri, nacho ni pumzi.

Kutoka milimani hadi kwenye tiba

Katika miaka ya 1890 utawala wa Wajerumani uliweka huko Kwai kituo cha majaribio ya kilimo. Katika muongo huohuo walijenga hospitali ufukweni Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897. Hospitali hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa hadhi ya taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Kwa muda mrefu mahali hapo pekee ndipo palipotolewa tiba ya mionzi Tanzania. Baadaye Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, nayo ilianza kuitoa. Mashine zilizotumika kwa miaka mingi zilikuwa za kobalti-60, madini nururifu ambayo hutoa miali ya gama. Mwaka 2018 Ocean Road ilipata pia mashine za linaki, ambazo hazina madini nururifu ndani yake: huzikimbiza elektroni kwa umeme hadi zikaribie mwendo wa nuru, kisha huzigonganisha na bamba la metali ili zitoe miali ya eksirei yenye nguvu kubwa.

Kwa wanawake wa Tanzania, saratani ya titi ni ya pili kwa wingi, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi. Wagonjwa walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Umbali ni sababu mojawapo, kwani kutoka Kwai hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 300. Hofu ni sababu nyingine: wapo wanaoamini kwamba mionzi huua kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno matupu, bali kwa kueleza mionzi hufanya nini, hudhuru nini, na madhara hayo yapunguzwaje.

Mionzi hufanya nini mwilini

Kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili huitwa grei. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati iliyofyonzwa na kila kilo 1 ya mwili. Baada ya upasuaji wa saratani ya titi, utaratibu mmoja unaotumika sana siku hizi ni kutoa jumla ya grei 40 kwa vipindi 15, katika muda wa majuma matatu. Zamani aghalabu zilitolewa grei 50 kwa vipindi 25, yaani majuma matano. Kwa mgonjwa aliyeacha shamba na watoto milimani, tofauti hiyo ya majuma mawili si ndogo.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuuliza: jouli 40 kwa kilo ni joto kiasi gani? Kilo 1 ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili ipande digrii 1 ya Selsiasi. Basi jouli 40 zingeipandisha kwa chini ya sehemu moja ya mia ya digrii. Kikombe cha chai hutia mwilini joto kubwa kuliko hilo. Mionzi basi haiui chembe kwa kuichoma. Huiua kwa kuzing'oa elektroni kutoka katika atomi na kuzikata nyuzi za DNA, ambazo ndizo hubeba maagizo ya uhai wa chembe. Chembe ya kawaida mara nyingi huweza kuyarekebisha majeraha hayo kati ya kipindi kimoja na kingine. Chembe ya saratani aghalabu hushindwa, na inapojaribu kugawanyika hufa. Ndiyo sababu dozi hugawanywa vipindi vingi vidogo badala ya kutolewa mara moja.

Lakini uwezo huo wa kujirekebisha una mipaka. Misuli ya moyo haigawanyiki upesi, na kuta za mishipa yake zikijeruhiwa huweza kukakamaa na kuziba polepole. Madhara ya aina hiyo hayaonekani mwezi ule wa tiba. Huchukua miaka kujitokeza.

Kwa nini moyo umo hatarini

Kifua cha mwanadamu ni cha mviringo. Ili kulipiga titi bila kupenya ndani, wataalamu huielekeza miali kutoka pande mbili, moja kwa nje na moja kwa ndani, ikipita kandokando ya kifua. Mfano wake ni kisu kimenyacho kiazi: hupita juujuu, kikaondoa ganda, kikaacha nyama ya ndani. Hata hivyo, kama ilivyo kwa kisu, ukingo fulani wa kilicho chini ya ganda hukatwa pamoja nalo. Katika kifua, ukingo huo ni sehemu ya mbavu, kipande chembamba cha pafu, na upande wa kushoto, sehemu ya mbele ya moyo. Hapo mbele ya moyo ndipo upitapo mshipa mmoja mkubwa wa ateri unaoilisha misuli ya moyo kwa damu.

Mwaka 2013 Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliopewa tiba ya mionzi ya saratani ya titi kati ya mwaka 1958 na 2001. Waliona kwamba kwa kila grei 1 ya wastani iliyoufikia moyo, hatari ya shambulio kubwa la mishipa ya moyo iliongezeka kwa asilimia 7.4 ya ile iliyokuwapo. Hawakuona kiwango cha chini ambacho chini yake hakuna madhara. Ongezeko hilo lilianza ndani ya miaka mitano tangu tiba, na liliendelea hadi mwongo wa tatu. Wanawake waliotibiwa upande wa kushoto walikuwa wamepokea wastani wa grei 6.6 moyoni, wale wa upande wa kulia grei 2.9.

Hesabu ya faida na madhara

Asilimia peke yake huweza kumtisha msomaji. Yafaa kuigeuza iwe hesabu ya watu. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, katika wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 50 wasio na dalili yoyote nyingine ya hatari ya moyo, takriban 19 wangekufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kufikia miaka 80 hata kama wasingepewa mionzi. Wastani wa grei 3 moyoni ungeifanya idadi hiyo iwe 24. Ongezeko ni watu 5.

Sasa na upimwe upande wa pili wa mizani. Mwaka 2011 ulichapishwa mkusanyo wa majaribio 17 yaliyohusisha wanawake 10,801 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuliacha titi. Katika kila 1,000 wasiopewa mionzi, takriban 252 walikufa kwa saratani hiyo katika muda wa miaka 15. Miongoni mwa waliopewa mionzi idadi ilikuwa takriban 214. Waliookolewa ni 38.

Idadi hizi zimetoka katika makundi mawili tofauti, na hatari ya kila mwanamke hutegemea umri wake, hatua ya ugonjwa na afya ya moyo wake. Hata hivyo, mwelekeo ni dhahiri: faida inazidi madhara mara nyingi. Kukataa tiba kwa kuuhofia moyo ni kukimbia hatari ndogo na kuikumbatia kubwa. Lakini wale watu 5 nao ni watu, na tiba iliyo bora ni ile inayowalinda wao pia.

Pumzi moja ndefu

Mapafu yanapojaa hewa, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kwanza, mbavu huinuka na ukuta wa kifua, pamoja na titi, husogea mbele. Pili, kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, hushuka. Kwa kuwa mfuko unaouzunguka moyo umeshikamana na kiwambo, moyo nao huvutwa chini na kuwa mwembamba zaidi. Tatu, pafu lililotanuka huingia katika nafasi iliyopatikana kati ya moyo na ukuta wa kifua. Matokeo ni kwamba titi na moyo, vilivyokuwa karibu kugusana, huachana. Miali ikipita wakati huo, hulipata titi na kuukosa moyo, au huupata kidogo sana.

Pafu lenyewe pia hunufaika. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa puto. Lipulizwe kidogo, lichorwe nukta nyingi kwa kalamu ya wino, kisha pafungwe kamba ya karatasi yenye upana wa sentimeta 2 na zihesabiwe nukta zilizofunikwa. Puto likipulizwa zaidi, nukta huachana, na kamba yenye upana uleule hufunika sehemu ndogo zaidi ya nukta zote. Ndivyo ilivyo kwa pafu: tungamo yake ni ileile, lakini imesambaa katika ujazo mkubwa, na sehemu yake iliyo katika njia ya miali hupungua ikilinganishwa na pafu zima.

Njia iliyoenea zaidi ya kutumia ukweli huu ni kumwomba mgonjwa avute pumzi ndefu na kuizuia kwa sekunde 20 hivi, mionzi ikitolewa ndani ya muda huo. Kisha hupumzika, na kurudia. Wapo wanaotumia vifaa vya thamani kubwa kupima pumzi. Lakini utafiti wa HeartSpare wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mgonjwa aliyefundishwa vema, akizuia pumzi kwa hiari yake, huku wahudumu wakitazama alama zilizochorwa kwenye ngozi yake kama zimefika mahali pake chini ya nuru ya mashine, hupata ulinzi usiopungukiwa na ule wa kifaa. Funzo hili ni kubwa kwa nchi yenye mashine chache: wakati mwingine badala ya kifaa ghali hutosha mafunzo mazuri na macho makini.

Hewa inayosaidia

Si kila mgonjwa awezaye kuzuia pumzi. Mzee, mwenye pumu, mwenye kikohozi, au aliyejawa na wasiwasi juu ya kitanda kigumu cha mashine, huenda ashindwe hata kwa sekunde 10. Kwa watu wa namna hiyo watafiti wa Israeli na Marekani, katika miaka ya 2010, walianza kujaribu njia nyingine: mgonjwa aachwe apumue, lakini apumue kupitia barakoa iliyounganishwa na kipulizo kidogo cha umeme ambacho hudumisha kanieneo ya hewa iliyozidi kidogo ile ya chumba. Njia hiyo hujulikana kwa herufi CPAP.

Kifaa hicho hakikubuniwa kwa ajili ya saratani. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake, San Francisco, walichapisha habari za watoto njiti waliosaidiwa na kanieneo ya namna hiyo isiyoyaruhusu mapafu yao machanga kusinyaa. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake, Sydney, walionyesha kwamba huwasaidia watu ambao koo zao huziba wakiwa usingizini. Afrika ya Mashariki na jirani zake zinaijua zaidi kwa sura ya kifaa cha mapovu katika wodi za watoto wachanga: mrija wa hewa inayotoka kwa mtoto huzamishwa ndani ya maji, na kina cha mrija huwa ndicho kipimo cha kanieneo. Huko Blantyre, Malawi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua, asilimia 71 ya waliotumia kifaa hicho walipona, wakilinganishwa na asilimia 44 ya wasiokitumia.

Katika tiba ya titi, kanieneo hiyohiyo huyaweka mapafu katika hali ya kujaa zaidi muda wote. Mgonjwa anavuta na kutoa pumzi, lakini anafanya hivyo juu ya mapafu yaliyokwisha kutanuka. Kiwambo hukaa chini, moyo hukaa mbali na ukuta wa kifua, na mwendo wake wa kupanda na kushuka hupungua. Kwa kuwa hapana kuzuia pumzi, mashine ya mionzi haihitaji kuwashwa na kuzimwa kwa kuifuata pumzi ya mgonjwa. Jambo hili lina uzito mahali ambapo foleni ni ndefu.

Fizikia ya sentimeta kumi za maji

Kanieneo inayotumika ni ndogo kwa kiasi cha kushangaza. Hupimwa kwa kimo cha maji, na aghalabu huwa kati ya sentimeta 8 na 15. Kanieneo ya maji yenye kina cha sentimeta 10 ni 0.1 × 1,000 × 9.8, yaani paskali 980. Hiyo ni kama asilimia 1 tu ya kanieneo ya hewa ya Dar es Salaam. Yawezekanaje asilimia 1 kukitanua kifua?

Mwanafunzi aliyejifunza Kanuni ya Boyle anaweza kupotea hapa. Kanuni hiyo yasema kwamba hewa iliyofungiwa ikiongezewa kanieneo kwa asilimia 1, ujazo wake hupungua kwa karibu asilimia 1. Lakini pafu si chupa iliyofungwa. Ni mfuko unaonyumbuka, wenye mlango wazi. Hewa inayoongezwa huingia, na kinachoamua ujazo ni unyumbufu wa mfuko huo, kama vile urefu wa springi unavyoamuliwa na uzito ulioning'inizwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila sentimeta 1 ya maji huyaongezea mapafu takriban mililita 100. Sentimeta 10 basi zaweza kuongeza karibu lita 1, juu ya lita mbili na nusu hivi zilizomo mtu anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida.

Hapa ndipo mlima nao unapotoa somo. Je, kipulizo kilichowekwa sentimeta 10 kitayatanua mapafu sawasawa Kwai na Dar es Salaam? Ndiyo. Kinachotanua pafu ni tofauti kati ya kanieneo iliyo ndani yake na ile inayokizunguka kifua, na tofauti hiyo ni paskali 980 mahali pote pawili. Kilichopungua Kwai ni idadi ya molekuli za oksijeni katika kila lita ya hewa, na hilo ni jambo jingine.

Wanafunzi wanaweza kuihisi kanieneo hii wenyewe. Chupa ijazwe maji safi, na mrija utiwe hadi ncha yake iwe sentimeta 10 chini ya uso wa maji. Mwanafunzi apulize taratibu mpaka povu la kwanza litoke. Nguvu anayoihisi mashavuni wakati huo ndiyo ile mgonjwa anayopulizwa nayo. Kila mmoja atumie mrija wake, asinyonye maji, na apumzike akihisi kizunguzungu.

Mipaka ya njia hii

Majaribio yaliyokwisha kufanywa yalihusisha wagonjwa wachache, na njia hii haijawa ya kawaida katika hospitali nyingi duniani. Barakoa huwakera baadhi ya watu, hukausha koo, na wengine humeza hewa tumboni. Haimfai mwenye tundu katika pafu, wala mwenye kanieneo ya damu iliyo chini mno. Huhitaji umeme usiokatika na mazoezi ya siku kadhaa kabla ya tiba.

Lililo muhimu kuliko yote ni ulinganifu. Picha za kifua zinazotumika kupanga njia ya miali lazima zipigwe mgonjwa akiwa na barakoa ileile na kanieneo ileile atakayokuwa nayo kila siku ya tiba. Kifua kikipangwa kimejaa kisha kikatibiwa kimesinyaa, miali itapita mahali pasipokusudiwa, na ngao itageuka kuwa hatari. Kwa mwanamke awezaye kuzuia pumzi, njia ile ya kwanza hubaki kuwa chaguo zuri na rahisi. Kwa wengine, madaktari huweza kumlaza mgonjwa kifudifudi au kuukinga ukingo wa moyo kwa vipande vya metali nzito vilivyo katika kichwa cha mashine.

La kukumbuka

Teknolojia hizi zote humfaa mgonjwa aliyefika kwa wakati. Uvimbe mpya katika titi, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ni dalili za kwenda zahanati bila kungoja maumivu, kwani saratani changa aghalabu haiumi. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini atakayejua ni yule atakayepimwa. Walimu wa sekondari wana nafasi ya pekee katika jambo hili: mwanafunzi aliyeelewa kwa hesabu na kwa puto jinsi moyo unavyolindwa, ataweza kumweleza mama yake au shangazi yake nyumbani, kwa Kisambaa au kwa Kiswahili, kwamba mionzi ni chombo chenye makali mawili, na kwamba yupo mtu anayejua kukishika.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kokotoa kanieneo ya maji yenye kina cha sentimeta 15. Je, ni asilimia ngapi ya kanieneo ya hewa ya Dar es Salaam, na ngapi ya ile ya Kwai?

2. Eleza kwa nini Kanuni ya Boyle peke yake haitoshi kueleza kutanuka kwa mapafu ya mtu avutaye hewa kwa kipulizo.

3. Kwa kutumia idadi zilizotolewa katika makala haya, jadilini darasani: ni hoja gani ungempa mgonjwa anayetaka kuikataa tiba ya mionzi kwa kuuhofia moyo wake?